Kuhusu swali lako la tatu

Ndugu yangu, salaam nyingi. Huku wazima, mvua tu inatusumbua. Najua nimenyamaza sana; lawama tuziweke tukionana.

Nimeusoma mtihani wako. Swali la tatu, tafadhali, libadilishe kabla halijachapwa: “Eleza jinsi hasira ilivyomwangamiza Mfalme Edipode.” Umeshawapa jibu, na jibu lenyewe silo!

Tazama wakati katika tamthilia hiyo ya Sophocles, Mgiriki wa kale. Kumuua Laius baba yake, kumwoa Jocasta mama yake, yote bila kuwajua, yamekwisha kabla mhusika wa kwanza hajafungua kinywa. Hasira ilikuwepo, sikatai: pale njia panda alisukumwa, akampiga mwendesha gari, mzee Laius akamtwanga utosini kwa mchokoo wenye ncha mbili. Lakini mtoe hasira hiyo, utabiri wa mungu Apollo, kwamba atamuua baba na kumwoa mama, ungetimia kwa njia nyingine. Kinachofanyika jukwaani ni uchunguzi wa nani alimuua Laius, na hakuna mungu anayemlazimisha Edipode kuufikisha mwisho. Nabii Tiresias anamsihi aache, Jocasta anamsihi, mchunga mifugo naye anamsihi. Hataki. Sasa hiyo ni dosari? Ni ung’ang’anizi uleule uliotegua kitendawili cha zimwi Sfinksi, mji wake wa Thebes ukapona.

Halafu hamartia, kosa linalomwangusha shujaa kwa mujibu wa mwanafalsafa Aristotle, ambayo miongozo yetu inaigeuza “dosari ya tabia” bila hata kupepesa macho. Asili yake ni kukosa shabaha, kama mpiga mshale. Mtu hukosa kwa kutojua pia.

Ukitaka tabia itawale, wape Macbeth wa Shakespeare. Wachawi hawakumwambia aue, na Banquo aliyasikia maneno yao papo hapo, hakushika kisu. Kinjeketile naye... basi, hilo lina barua yake.

Turudi kwenye swali. Akishajitoboa macho, Edipode anasema aliyeleta mateso ni Apollo, ila mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Kesi nzima kaigawa hapo! Wape kauli hiyo waijadili, na kila hoja itaje tukio, pamoja na kama lilitokea kabla ya mchezo au ndani yake. Asiyetenganisha hayo mawili ndiye hujaza kurasa nne za “kiburi, kiburi”.

Mnachapa lini? Tafsiri ya Mushi ya tamthilia hii bado unayo, au imeshafika Kigamboni kwa shemeji? Yule mzee amekubali kusahihisha? Na swali la tano, “majaaliwa” umeyatumia kwa maana ya kudura au bahati tu?

Wako,
M.