Salamu za Pasaka kwa Ndugu wa Dodoma: Imani Iliyopita Njia ya Misafara

Ndugu zangu wa Dodoma mjini, Mpwapwa, Kongwa, Chamwino, Bahi, Chemba na Kondoa, pamoja na majirani zetu wa Manyoni na Singida, Bwana Yesu asifiwe. Kwa ndugu zetu Wakatoliki nasema Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wazee wetu wa Ugogo, mbukwenyi. Nawaletea heri ya Pasaka, nikimshukuru Mungu aliyetuvusha Kwaresima na kutufikisha asubuhi ya ufufuko tukiwa hai.

Pasaka ya huku kwetu Tanzania ya kati huja wakati mvua za msimu wetu mmoja zinaelekea kukatika, uwele na mtama vikiwa vimetoa masuke, na watoto wakiwa mashambani tangu alfajiri kuamia ndege. Ni wakati wa shukrani kwa aliyepata na wa hofu kwa ambaye mvua ilimkwepa, na wote wawili huketi kwenye benchi moja kanisani. Katika mkesha wa sikukuu hii makanisa mengi huwasha mshumaa wa Pasaka gizani, husoma habari za Waisraeli walivyotolewa katika nyumba ya utumwa, kisha hubatiza. Mwaka huu pia wapo watakaosogea kwenye maji hayo: vijana waliomaliza mafundisho, wazee waliochukua muda mrefu kuamua, na wengine waliozaliwa katika nyumba zenye imani nyingine. Kwa sababu yao nimeona salamu zangu zihusu jambo la kuongoka, na hasa swali ambalo vijana huniuliza mara nyingi: imani hii ilitufikiaje?

Jibu la haraka ni kwamba ililetwa na wazungu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na sitaki kulikanusha, kwa kuwa wamisionari waliovuka bahari na kuzikwa katika ardhi yetu wanastahili kutajwa kwa heshima. Hata hivyo ni jibu fupi mno. Ukifuatilia historia ya Ukristo tangu karne za mwanzo, utakuta kwamba mara nyingi mno imani ilifika mahali ikibebwa na watu ambao hawakuwa na cheo wala silaha, na wengi wao walikuwa mateka na watumwa. Wafalme, magavana na mashirika walikuja baadaye, wakakuta neno limeshapandwa.

Tazama Ethiopia. Katika karne ya 4 kijana aitwaye Frumentius, mtu wa Tiro, mji wa Lebanoni ya leo, alitekwa pamoja na ndugu yake Aedesius baada ya wenzao wa melini kuuawa, wakapelekwa katika nyumba ya mfalme wa Aksum kutumika. Akiwa mtumishi huko alikusanya Wakristo wachache waliokuwa wafanyabiashara, akawatafutia mahali pa kusali, na baadaye alipopata uhuru alikwenda Aleksandria, ambako Askofu Athanasius alimweka wakfu na kumrudisha kuwa askofu wa Aksum. Mfalme Ezana akaamini, na sarafu zake zikaanza kupigwa alama ya msalaba. Karne hiyohiyo, watu wa Jojia wanasimulia kwamba walihubiriwa kwanza na mwanamke mateka wanayemwita Nino. Patrick naye alichukuliwa akiwa kijana kutoka Uingereza na kufanywa mchunga mifugo huko Ayalandi. Alitoroka, kisha miaka mingi baadaye akawarudia kwa hiari watu waliomtumikisha, akawapelekea Injili. Hili la Patrick hunishinda kila ninapolitafakari, kwa maana mtu anayeweza kurudi hivyo ameongoka kweli.

Wapo pia walioongoka kwa njia ndefu ya fikra na machozi. Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipitia mafundisho mengi na kumtesa sana mama yake Monika kabla ya kubatizwa na Ambrosi mjini Milano, katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387. Wazazi mnaowaombea watoto wenu bila kuona dalili yoyote, sikukuu hii ni yenu pia.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye njia ya misafara. Kabla ya reli, njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka mbuga kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, ambako watemi wetu walitoza hongo, yaani ushuru, kwa maji na kwa ruhusa ya kupita. Katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na walipita binadamu waliofungwa minyororo kuelekea pwani. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo, wakawa wanakomboa watumwa, hasa watoto, na kuwalea katika kijiji cha Kikristo. Zanzibar, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa pale Mkunazini jiwe la msingi la kanisa ambalo bado limesimama.

Nakiri kwamba habari za vijiji vile vya waliokombolewa huniletea furaha na uzito kwa pamoja. Mtoto aliyenunuliwa sokoni, akalishwa, akavikwa na kufundishwa na watu haohao waliomnunua, angewezaje kukataa ubatizo hata kama angetaka? Hilo ni swali la haki, na Kanisa halipaswi kulikwepa. Lakini tuangalie pia walivyoishi walipokuwa watu wazima. Adrian Atiman alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alibaki huko akitibu wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuna aliyemfunga Karema kwa miaka zaidi ya 60. Alichagua kukaa, na kukaa huko kwa mtu aliyewahi kuwa bidhaa ni ushuhuda ambao mimi siwezi kuupinga.

Mpwapwa ilipata wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, kwa mara ya kwanza mwaka 1876, walipokuwa njiani kwenda Uganda, na kituo kikaanzishwa upya mwaka 1878 na wamisionari, akiwemo daktari Edward Baxter. Alexander Mackay, ambaye Waganda wanamkumbuka sana, alikuwa amesimamia mwaka 1877 ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, yapata maili 230. Baadaye vikafuata vituo vya Kisokwe na Mamboya, na kuelekea magharibi Mvumi mwaka 1900 na Buigiri mwaka 1901. Mtu anayesoma orodha hii anaweza kudhani kwamba watu walimiminika. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wachache mno, na wazee wetu hawakuwa wajinga kwa kusita kwao. Walimjua Mulungu, walikuwa na matambiko yao ya kuomba mvua, na walitaka kwanza kuona kama hao wageni ni wa msafara unaopita au ni watu wa kukaa. Naheshimu kusita huko. Imani iliyopokelewa baada ya kupimwa kwa muda mrefu huwa na mizizi.

Walioivusha imani hiyo kutoka uani mwa misheni hadi kwenye maboma ya vijijini walikuwa walimu wa kanisa: wanaume na wanawake wa hapahapa, waliojifunza kusoma, wakatumwa kijiji fulani na kitabu kimoja au viwili, wakaishi kwa jembe lao na kufundisha chini ya mti. Majina ya wengi wao hayamo katika vitabu. Wachache tunawakumbuka, kama Kanoni Andrea Mwaka, mmoja wa makasisi wa kwanza Waafrika wa Kianglikana katika eneo letu, ambaye shule moja hapa Dodoma imepewa jina lake.

Walimu hao walipimwa kwa moto wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari wa Kiingereza walizuiliwa na serikali ya Wajerumani, lakini walimu wa Kiafrika ndio walioumia zaidi: walishukiwa kuwasaidia Waingereza, wakakamatwa, wakapigwa, na wengi wakapelekwa kifungoni Tabora, walikobaki hadi majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji huo Septemba 1916. Kumkana Bwana wao kungewapunguzia mateso, na waliporudi walirudi wakiwa walimu. Walirudi, tena, katika nchi iliyokuwa ikiingia katika njaa kubwa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, pale majeshi ya pande zote mbili yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Kanisa la Ugogo lililokua baada ya hapo lilikuwa kanisa la watu waliozikana na kugawana kidogo kilichobaki, na nadhani ndiyo sababu wengi walilikubali wakati huo kuliko miaka 40 iliyotangulia.

Yaliyofuata nayapita kwa haraka, maana mengi mnayafahamu. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927. Kwa upande wa Wakatoliki, eneo la Dodoma likakabidhiwa kwa Mapadri Wapasionisti kutoka Italia, likawa jimbo kamili mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Mwaka 1955 Yohana Omari akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda ukatufikia pia, ukiwa na waalimu kama Festo Kivengere, aliyefundisha shule hapa Dodoma kabla ya kuwa askofu kwao Kigezi. Uamsho huo ulitukumbusha kwamba mtu anaweza kubatizwa, akaimba kwaya miaka mingi, na bado akahitaji kuongoka. Watu walirudisha walichoiba na kupatana na waliokosana nao. Mathias Mnyampala, malenga wetu wa Ugogo, naye aliisimulia Injili kwa utenzi wa Kiswahili, na leo zeze, ilimba na ngoma vinaingia madhabahuni bila mtu kuona haya, ingawa kulikuwa na wakati ambapo mwongofu aliambiwa aviache.

Haitakuwa uaminifu kunyamazia upande mwingine wa historia hii. Mwaka 785 Charlemagne, mfalme wa Wafranki, aliwatangazia Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo, kwamba atakayekataa ubatizo atauawa. Alcuin, msomi wa baraza lake mwenyewe, aliandika baadaye kwamba mtu anaweza kulazimishwa kubatizwa lakini hawezi kulazimishwa kuamini. Katika Kongo mfalme alibatizwa mwaka 1491, na mwanawe Afonso akawa Mkristo wa dhati kabisa. Ndiye huyo aliyelazimika mwaka 1526 kumwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba watu wake, hata wa ukoo wa kifalme, wanakamatwa na kuuzwa na wafanyabiashara wa taifa lilelile lililomletea msalaba. Mkristo mwongofu ndiye aliyewakumbusha wabatizaji wake amri za Mungu. Nayasema haya katika sikukuu kwa sababu Kristo tunayemtangaza amefufuka aliuawa na dola, na hakuna ubatizo wa kulazimisha, wa kununua wala wa kutishia unaoweza kuitwa kazi yake.

Kwa hiyo salamu zangu za kwanza ni kwenu mtakaobatizwa katika mkesha huu. Mnaingia katika ukoo wa mateka, wapagazi na walimu wa chini ya mti, na hampaswi kujiona wageni kwa kuwa mmekuja leo. Wasimamizi wenu wa ubatizo wawe walezi kweli, wawatembelee baada ya sikukuu, wawafundishe kusali wakati wa shida, na wasiwaache kwa sababu picha zimeshapigwa.

Salamu za pili ni kwa familia ambazo mtoto wao amechukua njia tofauti na ya wazazi. Najua uchungu wake, na siudharau. Kijana, usiache kumsalimia baba yako, usiache kwenda kwenye msiba wa ukoo, wala usimdharau bibi yako aliyekulea akimwomba Mulungu kabla hujajua kusoma. Kwa ndugu zetu Waislamu wa Kondoa, wa mjini na wa kila mtaa, ambao kwa miaka yote tumebadilishana sahani za Idi na za Pasaka, karibuni nyumbani kwetu Jumapili. Na kama mtu wa familia ya Kikristo amesilimu, mlango wa kwao ubaki wazi vilevile.

Salamu za mwisho ni kwa wainjilisti na makatekista wa mitaa na vigango, mnaotembea kwa baiskeli au kwa miguu kwenye mchanga wa Bahi na vilima vya Mpwapwa, mara nyingi bila posho ya kutosha. Waumini, Jumatatu ya Pasaka wapelekeeni walimu hawa unga, kuku, mafuta, chochote Mungu alichowajalia. Na wale mnaoishi na wazee waliobatizwa zamani, waulizeni mwalimu aliyewafundisha alikuwa nani, alitoka kijiji gani na alizikwa wapi, mkayaandike majina hayo na kuyapeleka parokiani, ili yasomwe katika sala za kuwakumbuka marehemu.

Kristo amefufuka kweli kweli. Nawatakia Pasaka yenye amani, mavuno ya kutosha na afya njema ninyi na nyumba zenu zote.