Barua kwa Athman: jumba la makabaila lililogeuka hoteli

Slough, Uingereza

Kwako swahibu yangu Athman,

Assalamu alaikum. Mimi na watoto tu wazima, baridi tu ndiyo inatuandama. Barua yako imefika, na habari ya ami yako kutaka kuikodisha nyumba ya babu kwa watu wa hoteli imenikaa rohoni. Umeuliza wenye majumba makubwa huku hufanyaje. Nitakupa kisa cha jumba moja tu, Cliveden, kwa kuwa si mbali na ninapoishi, na Jumapili nyingine huwapeleka watoto kukimbia kwenye bustani zake.

Liko juu ya kilima, Mto Thames unapita chini. Aliyelianzisha ni Duke wa pili wa Buckingham, miaka ya 1660. Bwana huyu alikuwa na mke wa mtu, mke wa Earl wa Shrewsbury. Mwaka 1668 Duke na Earl wakapigana kwa panga kwa ajili ya mwanamke huyo. Earl akajeruhiwa na baada ya miezi miwili akafa. Leo kwenye nyasi za Cliveden kuna umbo la upanga pamoja na mwaka 1668. Watalii wanalipiga picha. Kwetu aibu kama hiyo ingefichwa hata kwa wajukuu.

Mwaka 1740 mpangaji alikuwa Frederick, mwana wa mfalme, na kwenye karamu yake ndipo ulipoimbwa kwa mara ya kwanza ule wimbo wa "Rule, Britannia!", wa kujigamba kwamba Waingereza kamwe hawatakuwa watumwa. Miaka hiyohiyo meli zao zilikuwa zikivusha Waafrika kwa maelfu kuelekea Marekani na visiwa vya Karibi. Nikipita pale huwa nauimba kwa mbinja kwa makusudi, mke wangu ananiona mwehu.

Jumba liliungua mwaka 1795, likaungua tena 1849, miezi michache tu baada ya Duke wa Sutherland kulinunua. Akamwita Charles Barry, msanifu wa majengo ya Bunge la London, naye ndiye aliyejenga hili linaloonekana leo. Ila uliza pesa zilitoka wapi. Wazazi wa Duke huyo waliwaondoa maelfu ya wakulima kwenye ardhi yao kaskazini mwa Scotland ili kupisha kondoo. Baadaye mkewe, Harriet, akajitokeza kuwatetea watumwa wa Marekani, na mwaka 1853 Karl Marx akamsuta gazetini: unawalilia wa mbali, na hao mliowafukuza nyinyi wenyewe?

Mwaka 1893 akaja mnunuzi Mmarekani, William Waldorf Astor, mtu wa New York ambaye ukoo wake ulitajirika kwa biashara ya ngozi za wanyama na kodi za nyumba. Akampa mwanawe jumba kama zawadi ya harusi mwaka 1906. Bibi harusi ni yule Nancy Astor aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kukaa katika Baraza la Makabwela, la wabunge wa kuchaguliwa Uingereza, mwaka 1919. Vita ya Kwanza ilipopamba moto, hospitali ya wanajeshi wa Kanada ilijengwa palepale shambani. Waliofariki wengi wamezikwa katika bustani moja iliyo bondeni kidogo, na hapo ndipo mahali pekee ambapo wanangu hunyamaza.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu. Kodi za urithi na gharama za watumishi zilikuwa zikiwamaliza makabaila. Mamia ya majumba ya namna hii yalivunjwa katika karne ya 20. Akina Astor hawakungoja. Mwaka 1942 walilikabidhi jumba kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza mali za kale, pamoja na fedha za kulitunza, kwa sharti kwamba wao waendelee kukaa. Wakakaa. Julai 1961, miezi mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Waziri wa Vita John Profumo alikutana pale kwenye bwawa la kuogelea na msichana wa miaka 19, Christine Keeler. Wakawa wapenzi. Alipoulizwa akalidanganya Bunge, akajiuzulu 1963, serikali nzima ikatikisika. Akina Astor wakaondoka miaka michache baadaye, jumba likapangishwa kwa Chuo Kikuu cha Stanford, na tangu miaka ya 1980 ni hoteli ya kifahari. Meghan Markle alilala hapo usiku wa kuamkia harusi yake na Mwanamfalme Harry mwaka 2018. Na lile bwawa? Lipo, wageni wanaogelea.

Angalia basi, Athman: hoteli ni mpangaji tu. Mwenye mali ni shirika, na bustani tunaingia sisi wa kawaida kwa kiingilio, tunatandika mkeka, tunakula chapati zetu, mradi tusiingie ndani kwa waliolipia. Nyumba ya babu yako haina shirika nyuma yake. Ina ami, ana umri, na paa linavuja.

Kwa hiyo asitie saini haraka. Mkataba uwe wa miaka inayohesabika, na useme wazi nani analipia boriti zikioza. Zidaka za plasta, vile vishubaka vya ukutani, zisiguswe bila fundi wa Lamu. Na daka la mbele, wazee wanapokaa baada ya Alasiri, liandikwe kuwa halikodishwi. Watu wa hoteli watataka kuweka mlinzi pale, nakwambia.

Nitumie nakala ya mkataba kabla ya mwezi kwisha. Binti wa jirani yangu ni mwanasheria, amekubali kuusoma bure ukiwa kwa Kiingereza. Msalimie mama, na mwambie viungo vya pilau alivyotuma vimekwisha.

Wako,
Hamisi