Asante, kaka wa jukwaani

Kaka, jina lako hatukulipata, basi shukrani zetu zikufikie hapa. Ulitukuta na baiskeli nane tumesongamana mlango mmoja wa treni ya mkoa, huko Ujerumani, ukatupanga.

Uliyotuelekeza kila kundi linayahitaji. Behewa lenye nafasi ya baiskeli lina alama yake karibu na mlango. Itafuteni alama hiyo treni ikiwa bado inaingia. Gawanyikeni kwa milango, wawili wawili: mmoja apande kwanza apokee, mwenzake asukume kutoka chini. Mikoba ya pembeni ivuliwe jukwaani mapema, maana ndiyo inayonasa mlangoni na kufanya baiskeli nyepesi iwe gunia la mahindi.

Ndani, baiskeli ya anayeshuka mwisho ndiyo inayotangulia ukutani. Moja itazame mbele, inayofuata nyuma, ili sukani zisigongane, na pedali isiingie kwenye spoku za jirani. Mkanda upite kwenye fremu, si kwenye gurudumu peke yake. Kisha ukanda wa mpira ukaze mkono wa breki. Bila huo, treni ikipiga kona baiskeli zinaanza kutembea zenyewe. Kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto vikija, baiskeli inapisha, hata kama mmeikatia tiketi.

Na kuhusu ICE, treni za mwendo kasi za huko, ulituonya mapema: kila baiskeli iwe na nafasi iliyowekwa kabla, la sivyo hampandi nayo.

Ule mpira wako mweusi bado tunao.