Atazoea mikono

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Barua yako kondakta wa basi kaniletea mkononi, pamoja na picha ya mwanao mchanga. Mashallah! Pua ya babake, masikio ya kwenu. Uji wa pilipili manga unakwendaje? Kunywa tu, usiumwage dirishani kama nilivyofanya mimi.

Sasa nije kwa lile ulilonililia. Mama mkwe anasema ukimnyanyua kila akilia atazoea mikono, kesho utashindwa hata kuosha sufuria. Nami niliambiwa hivyo hivyo nilipomzaa Bakari, nikafuata. Nilimlaza, nikajikaza, nikamsikiliza akilia mpaka ananyamaza mwenyewe. Siku ya nne au ya tano akaamka wala hakulia. Nikajisifu kwa majirani kwamba mwanangu ana adabu. Adabu ya miezi miwili!

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Romania, na tangu hapo ile adabu inanikera. Utawala wa Ceaușescu, dikteta wa huko, ulipoanguka mwaka 1989, watu walioingia kwenye nyumba za kulelea watoto za nchi ile walikuta vyumba vimejaa vitanda vya wachanga, na kimya. Watoto hawalii. Walikwisha jua kwamba ukilia haji mtu. Kulishwa na kubadilishwa nepi kulikuwa kwa zamu na kwa saa, mlezi mmoja na watoto tele, hana nafasi ya kumtazama hata mmoja usoni akamwambia neno.

Mwaka 2000 mtafiti Charles Nelson na wenzake wakaanza kuwafuatilia watoto 136 wa nyumba hizo mjini Bucharest. Kwa kura, nusu walitafutiwa familia za kuwalea, nusu wakabaki. Walipowapima umeme wa ubongo, wa hao waliokulia vitandani ulikuwa dhaifu kuliko wa watoto waliolelewa makwao. Waliopata familia wakaanza kuinuka, hasa wale waliopakatwa kabla ya kutimiza miaka 2.

Sisemi Bakari wangu aliumia. Siku tano si miaka miwili, na bibi yake alikuwa akimnyanyua kisirisiri kila nikienda sokoni. Leo ni fundi wa pikipiki, na mdomo haufungi. Lakini nilijisifia kitu nisichokijua.

Maana mtoto anazaliwa na ubongo wenye uzito kama robo tu ya ule wa mtu mzima. Kazi kubwa inafanyika baada ya hapo, mikononi mwako. Akisema "aguu" nawe ukamjibu, kijia kimoja humo kichwani kimekanyagwa. Kisipokanyagwa kinaota majani. Basi mjibu. Ukimwogesha mwambie unamvua fulana, maji ni vuguvugu, lete mkono wa pili. Halafu nyamaza, mwachie zamu yake. Utaona anavyohangaika na midomo kukutafutia jibu. Na ukinyonyesha, simu iweke mbali. Kwa sasa anaona vizuri umbali wa kutoka titi hadi usoni pako, basi, na uso huo ndio anaoutafuta.

Usiku usingizi ukikuzidi na kile kilio kikakutia wazimu, mlaze mahali salama, toka uani uvute pumzi. Dakika chache hazimdhuru, na mama aliyechoka hadi kutetemeka hana cha kumbembelezea. Mpe babake naye ambebe. Kama mikono yake inaogopa, aanze kwa kumwimbia, hata kama sauti ni ile ninayoikumbuka harusini kwenu.

Mama mkwe usigombane naye. Umeniandikia mwenyewe: kila ukitoka kuoga unamkuta amempakata, anamsimulia bei ya nazi. Basi oga polepole.

Arobaini ikitimia nitakuja, inshallah.

Wako,
Mama Bakari