Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi, Siku ya Tembo Duniani, Agosti 12

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Karibu sana shuleni kwetu, tumefurahi mno kukuona maana tangu wiki iliyopita tunafagia tukikusubiri.

Mheshimiwa, hapa ulipokaa ni ndani ya ushoroba wa Kwakuchinja, njia ya tembo kati ya hifadhi ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Kiangazi kama sasa hivi tembo wanajaa Tarangire kwa sababu ya ule mto Tarangire, hata maji yakikauka juu wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka yatoke, na magome ya mibuyu wanayachuna wanatafuna kupata unyevu. Mvua zikinyesha wanatawanyika, wengine Simanjiro, wengine wanapita huku kwetu kwenda Manyara, yaani hifadhi peke yake haiwatoshi, tembo mkubwa anaweza kula hadi kilo 150 kwa siku, atashibaje sehemu moja mwaka mzima?

Nchi yetu Tanzania mwaka 2009 ilikuwa na tembo zaidi ya laki 1, ila sensa ya 2014 ikakuta elfu 43 tu hivi, majangili walitumaliza, na pori la Selous kule kusini ni kati ya sehemu zilizoumia sana. Ujangili umepungua sana na tunaishukuru serikali na askari wa wanyamapori, lakini sasa njia zinazibwa. Barabara kuu ya Arusha–Babati inakatiza humu humu kwenye ushoroba, viwanja vinauzwa, mashamba yanaongezeka kila msimu na tembo yeye anafuata njia ya bibi yake hajui kama kuna mtu kauziwa.

Mwezi wa tano waliingia shamba la mama wa mwenzetu usiku, asubuhi tulienda kumsaidia tukakuta mahindi yamelala chini yote, nyayo pana kama beseni, na kinyesi bado kina moto. Yule mama hakulia, alikaa tu kwenye tuta. Mzazi kama huyo ukimwambia ampende tembo unamuonea kwa kweli.

Klabu yetu ina wanachama 46, tumetundika mizinga ya nyuki 12 kwenye uzio wa shamba la shule, na kamba zenye vitambaa vya pilipili na oili chafu, maana tembo wanaogopa nyuki na harufu ya pilipili, tangu hapo hawajaingia.

Changamoto zetu mheshimiwa: wenzetu wa kutwa wanatoka nyumbani gizani, wakikuta kundi la tembo linavuka inabidi wasubiri, wakifika wamechelewa. Tunaomba hosteli, hata ya kuanzia na wasichana. Pia kifuta jasho kwa wazazi walioharibiwa mashamba na tembo kije kabla msimu mwingine wa kulima haujafika, na viwanja ndani ya ushoroba visiuzwe tena, mipaka iwekewe alama watu waione.

Naomba kuwasilisha.