Salamu za Krismasi, na habari za Szelmenc

Ndugu zangu, heri ya Krismasi. Nawasalimu mliofika nyumbani, na zaidi mlioshindwa kufika: mlio zamu, mliokosa nauli, mlio ughaibuni ambao karatasi zenu bado hazijatoka. Nikiwawaza ninyi, mawazo yangu hunipeleka kijiji cha Szelmenc.

Ni kijiji cha wakulima wanaozungumza Kihungari, pale Slovakia inapopakana na Ukraine. Kilikuwa ndani ya Hungaria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikawa cha Chekoslovakia. Mwaka 1938 kikarudi Hungaria. Kisha jeshi la Kisovyeti likaingia. Mpaka uliotokana na mkataba wa 1945 ukakipasua katikati. Nagyszelmenc, yaani Szelmenc Kubwa, ikabaki Chekoslovakia, upande ambao leo ni Slovakia. Kisszelmenc, ile Ndogo, ikaangukia Muungano wa Kisovyeti, upande ambao leo ni Ukraine. Barabara ya kijiji ikazibwa kwa uzio, na walinzi wenye bunduki wakasimama. Mama huku, binti kule.

Kutembeleana kukawa kwa kibali, na aliyekipata hakuvuka pale. Alizunguka hadi kivuko cha karibu na mji wa Uzhhorod, ili akamwone mtu ambaye moshi wa jiko lake aliuona kila asubuhi.

Kuitana ng'ambo ya uzio kulikatazwa. Basi wakaimba. Mwanamke yuko shambani, jembe mkononi, anapaza sauti kama anayejiondolea uchovu, na ndani ya wimbo anapachika habari: nani kajifungua, nani amefariki, maziko ni lini. Mlinzi asiyejua Kihungari anasikia wimbo tu. Sisi tuliolelewa na mafumbo ya taarabu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Linaloniuma ni maziko. Kwetu mtu akikosa harusi husamehewa, lakini kukosa kumzika mzazi hukaa moyoni hadi uzeeni. Watu wa Szelmenc walizika kwa macho, wakisimama upande wao wa uzio.

Na Krismasi je? Kwa Wasovyeti Desemba 25 ilikuwa siku ya kazi. Tena saa za Kisszelmenc zilifuata za Moscow, saa mbili mbele ya zile za Nagyszelmenc. Hata usiku wa manane wa mkesha haukuwafikia pamoja, nao walikuwa wakisikia mbwa wa wenzao wakibweka.

Muungano ule ulivunjika mwaka 1991, uzio ukabaki. Wanakijiji wakasimamisha lango la mbao la kuchonga, nusu moja kila upande, lenye maneno yasemayo kwamba Szelmenc moja imekuwa mbili, Muumba na aziunganishe. Mwaka 2004 kilio chao kikafikishwa hadi Washington. Hatimaye kivuko kikafunguliwa Desemba 23, 2005, kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli tu. Siku mbili kabla ya Krismasi! Kila mwaka nauwazia mkesha ule: kikongwe kabeba ule mkate wao wa kukunja wenye mbegu nyeusi za mpopi, anatembea taratibu kwenye barabara aliyoikimbilia utotoni, na safari hii haimbi habari zake, anazisema.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yaliishia hapo. Desemba 2007 Slovakia iliingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani mwao kwa wao, na viza ikawa ukuta mwingine kwa wa Kisszelmenc. Ilipolegezwa mwaka 2017, haikupita miaka mitano vita vikaja. Akina mama na watoto waliokimbia walipita kwenye kivuko hicho hicho, lakini wanaume wengi wa umri wa kupigana hawaruhusiwi kutoka Ukraine. Kwa hiyo mwaka huu pia ziko nyumba ambazo meza ya Krismasi imegawanyika pande mbili za mpaka.

Áldott karácsonyt, ndugu wa Szelmenc: Krismasi yenye baraka. Mungu awape pumzi.

Nanyi wangu mlio mbali, msile sikukuu kwa unyonge. Mimi mwenyewe nimekwama mjini. Jioni hii nampigia mama. Kwao mtandao hushika chini ya mwembe tu, na ikifika saa kumi na mbili najua atakuwa keshatoka na kigoda chake, kakaa pale ananisubiri.