Vijana wasizidharau kompyuta kubwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kompyuta kubwa ziitwazo meinfremu. Hapa Tabora nafundisha kompyuta jioni, katika chumba cha kupanga karibu na soko, na kila nikizitaja wanafunzi wangu hucheka, wakidhani ni vyuma chakavu vya enzi za babu zao.

Sivyo. Kampuni ya Marekani ya IBM ilipotangaza ukoo wa meinfremu uitwao System/360 mwezi Aprili 1964, iliahidi kwamba programu iliyoandikwa kwa mashine moja ya ukoo huo ingefanya kazi katika nyingine bila kuandikwa upya, na hata meinfremu za leo, zenye ukubwa wa kabati la nguo, bado zinaweza kuendesha programu nyingi za zamani. Benki kubwa duniani huzitumia kwa kuwa humudu miamala mingi mno kwa wakati mmoja, na kifaa kikiharibika kingine hushika kazi yake papo hapo bila mashine kuzimwa.

Mafundi waliozizoea wanastaafu, na hapo ndipo penye ajira. Lugha yao kuu ya kuandikia programu, COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959, haitishi kama inavyosemwa: niliandika mistari mitano ubaoni, na binti mmoja aliyesomea uhasibu akaielewa kabla sijaieleza, maana amri zake ni za karani, yaani jumlisha, toa, zidisha.

Naviomba vyuo vyetu vianze somo hili sasa. Kisingizio cha gharama hakipo, kwani programu ya bure iitwayo Hercules huiwezesha kompyuta ya kawaida ya mezani kuiga meinfremu.

Mwalimu wa kompyuta,
Tabora